Amana na Daftari

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka 1999, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, akiwa na kidonda chini ya mgongo ambacho ngumi ya mtoto ingeingia. Alikuwa amepooza upande wa kulia na alilala kitandani miezi saba. Miezi yote hiyo hakuachwa peke yake hata saa moja. Mama mkubwa alihama kwake Pongwe akaja kukaa naye, wajukuu tulipokezana kumpepea, majirani walileta uji wa mchele wenye tui, na jioni maalimu alikuja kumsomea Yasin. Chumba kilifukizwa udi asubuhi na jioni. Udi ule ulikuwa na kazi mbili, na sisi tulikiri moja tu.

Hakuna aliyemgeuza. Tulipomwona ametulia tulisema mwacheni apumzike, maskini, msimsumbue. Godoro la sufi lilikuwa limefanya bonde pale kiunoni, naye akalala ndani ya bonde lile kama yai kwenye kiota. Tulipokuja kugundua kidonda, kilikuwa kimeshafika mfupani.

Namtaja bibi kwa sababu ya swali nililoulizwa mwezi uliopita. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kinafikiria kuiomba nyumba moja ya wakfu iwe makazi ya wazee wasio na ndugu. Akina mama wakanigeukia mimi: wewe uliyefanya kazi hiyo Marekani miaka kumi na tisa, hebu tuambie, nyumba nzuri ya wazee unaijuaje? Nikajibu juu juu. Nikataja usafi, nikataja chakula, nikataja wafanyakazi wa kutosha. Bi mkubwa mmoja aliyekuwa kimya muda wote akainua kichwa. "Na huruma je, mwanangu? Huko wanaipima kwa kipimo gani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Haya ninayoandika ndiyo jibu langu kwake.

Nilifika Columbus, Ohio, mwaka 2003. Wabongo tuliokuwa huko kila kazi ya mikono tuliiita kubeba boksi, hata kama unachokibeba ni mtu. Sheria ya nchi ile inataka msaidizi wa wauguzi apate mafunzo yasiyopungua saa 75. Wiki ya kwanza mwalimu wetu alibandika ubaoni picha nne za vidonda vya mgandamizo, vile tunavyoviita vidonda vya kulala, kuanzia daraja la kwanza hadi la nne. Ya nne ilikuwa mgongo wa bibi yangu. Mwalimu akaeleza kwamba nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama isiyopata damu hufa. Akasema dawa yake ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia, na mto katikati ya magoti, na visigino vining'inie visiguse godoro. Kisha unaandika saa na herufi za jina lako.

Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi. Nilikuwa nimesafiri na imani ambayo wengi wetu tunayo, kwamba wenzetu wale wamewatupa wazee wao na sisi ndio tunaojua kulea. Kumbe kulikuwa na jambo dogo la mto na saa ya ukutani, jambo ambalo mtoto wa darasa la tano angeweza kulifanya, na nyumba nzima iliyojaa mapenzi haikulifanya.

Tangu hapo swali limenikaa. Tumefundishwa kwamba matendo huhesabiwa kwa nia. Nia ya mama mkubwa wangu ilikuwa safi kama maji ya mvua, nami naamini kwa yakini kwamba Mungu amemwandikia kila usiku aliokesha. Lakini kidonda nacho kilikuwepo, na aliyeumia ni bibi. Ukiwa mkaguzi ukaingia chumba kile, utaandika nini? Kwamba alitunzwa, au kwamba hakutunzwa?

Babu yangu, mume wa bibi huyo, alikuwa na duka la rejareja Barabara ya 8. Nilipokuwa mdogo nilimwona akiandika kwenye daftari refu kila aliyekopa kibaba cha mchele au chupa ya mafuta ya taa. Hakumwonea haya mtu. Rafiki akileta fedha zihifadhiwe, babu alizihesabu mbele yake, akaandika, na siku ya kuzirudisha akazihesabu tena, na hakuna aliyesema unanidharau. Mali bila daftari hupotea bila habari, alikuwa akisema, na kwake kuhesabu ilikuwa sehemu ya uaminifu. Alipokufa daftari liliwekwa kabatini, juu ya tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Lilikuwa humo bado, hatua tatu kutoka kitandani, wakati mkewe anaoza mgongo. Tuliwahi kuandika deni la kila jirani mtaani, na hatukuandika mara moja lini bibi aligeuzwa, alikunywa maji kiasi gani, alipata choo siku gani.

Mwili wa mzee ni amana. Ndilo neno ninaloliona zito kuliko yote katika jambo hili, zito kuliko "huduma" na zito kuliko "haki". Surat An-Nisaa inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mwenye mwili huu ameukabidhi kwetu, na juu yake yupo Mwenye kuumiliki kwa kweli, na siku ya kuurudisha iko karibu kuliko amana nyingine zote. Anayepokea amana bila kuihesabu, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani, amejiweka mahali pa hatari.

Wamarekani walifika kwenye daftari kwa njia ya aibu. Zamani zile wazee walifungwa kwa mikanda kwenye viti ili wasitembee ovyo, wakapewa dawa za kuwalaza ili wasipige kelele. Mwaka 1986 taasisi yao ya tiba ikatoa ripoti nzito juu ya hali ya nyumba za wazee, na mwaka 1987 ikapitishwa sheria iliyosema kila mkazi ana haki ya kutofungwa, ana haki ya kusikilizwa, na nyumba inawajibika kumfikisha kwenye hali bora kabisa ambayo mwili na akili yake vinaweza kufikia. Wakaguzi wa jimbo huja bila kutoa taarifa, na kwa sheria haipaswi kupita miezi 15 hawajaonekana. Wakiingia mlangoni asubuhi, habari inakimbia korido nzima kabla hawajavua makoti. Siku hiyo jagi zote za maji zinajaa, na watu wa ofisini ambao hujawahi kuwaona wakishika kijiko wanalisha wazee.

Tangu Desemba 2008 kila nyumba inapewa nyota, moja hadi tano. Nyota zinatokana na ripoti za wakaguzi, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya wakazi wenyewe: wangapi wana vidonda, wangapi wameanguka na kuumia, wangapi wanakonda, wangapi wanapewa dawa za kutuliza akili bila ugonjwa unaozihitaji. Kwa miaka mingi saa za wafanyakazi zilitajwa na wenye nyumba wenyewe, na ukimwachia mwenye duka ajipimie mizani unajua kitakachotokea. Mwaka 2016 wakalazimishwa kuzitoa kwenye kumbukumbu za mishahara.

Nilivibeza vipimo hivi mwanzoni, mpaka siku mizani iliponifundisha adabu. Tulikuwa na mzee aliyewahi kuendesha treni ya mizigo, mpole, mtu wa shukrani, kila mfanyakazi akimpenda. Kanuni inasema mkazi akipungua asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja lazima itafutwe sababu. Akapungua. Sisi tuliompenda tukasema ni uzee, amechoka na dunia. Muuguzi mmoja akaja na karatasi yake ya uzito, akakaa naye wakati wa chakula cha mchana, akatazama sahani. Nusu ya kulia ilikuwa imesafishwa kabisa. Nusu ya kushoto haikuguswa, viazi na nyama vimekaa vile vile, na mpaka kati ya nusu mbili umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Kiharusi kilikuwa kimemfutia upande wa kushoto wa dunia. Hakujua kwamba kuna chakula huko. Muuguzi akaizungusha sahani, na mzee akashukuru kwa kuletewa chakula kingine.

Mimi nilimlisha mtu yule mara nyingi, nikamtania, nikampiga mafuta mikono. Sikuiona ile sahani. Namba ndiyo iliyomwona.

Sasa naja kwenye upande mwingine, na hapa lazima niseme jambo nisilowahi kuliandika.

Usiku mmoja wa Januari 2007 theluji ilifunga barabara, na kwenye korido ya watu arobaini na wawili tulifika wasaidizi wawili. Saa nane usiku nilitakiwa kumgeuza mzee wa chumba cha 12, mtu aliyekuwa mwalimu wa hisabati na ambaye hakuweza tena kusema wala kusogea. Saa hiyo hiyo mama mmoja alianguka bafuni. Nilipomaliza naye ilikuwa saa tisa na nusu. Nikafungua chati. Kisanduku cha saa nane kilikuwa kitupu. Nikaandika herufi za jina langu ndani yake, kwa mkono uliotulia, nikaendelea na kazi. Saa kumi alfajiri ndipo nilipomgeuza. Kisigino cha kushoto kilikuwa chekundu. Nikakibonyeza kwa kidole na kukiachia, na wekundu haukupauka. Hiyo ndiyo dalili ya daraja la kwanza.

Nilikikinga kisigino kile kama mboni ya jicho, na baada ya siku chache ngozi ikarudi. Hakuna aliyejua. Chati ilikuwa imekamilika, na ripoti ya miezi ile ilitoka nzuri. Ukiuliza daftari, mwalimu yule alitunzwa vizuri usiku ule.

Tukiwa watoto chuoni tulifundishwa hadithi ya Jibrili alipomjia Mtume kwa sura ya msafiri akamwuliza juu ya Uislamu, juu ya imani, kisha juu ya ihsani. Na ihsani ikaelezwa kuwa ni kumwabudu Mungu kama vile unamwona, maana wewe usipomwona, Yeye anakuona. Nilidhani miaka yote kwamba maneno yale yanahusu swala. Usiku ule, nimeinama juu ya kisigino cha mtu wa dini nyingine, nchi nyingine, lugha nyingine, niliyaelewa upya. Mkaguzi wa jimbo huja mara moja kwa mwaka. Mzee hakuwa na ulimi wa kunishtaki. Karatasi ilisoma nilichoiandikia. Kilichobaki kati ya mtu yule na madhara kilikuwa kile tu ninachokiamini juu ya kuonwa.

Wapo watakaosikia kisa hiki waseme: basi, hayo makaratasi yote ni bure, kinachotakiwa ni watu wenye hofu ya Mungu. Nakataa kabisa. Nyumbani kwa bibi tulikuwa na hofu ya Mungu tele. Na usiku ule kilichonishtaki kilikuwa kile kisanduku kitupu. Kama kisingekuwepo nisingejua kwamba nimepitisha saa, ningemaliza zamu nikaswali alfajiri na dhamiri nyeupe. Nilidanganya daftari, na nikajua kwamba ninadanganya, kwa sababu daftari lilikuwepo. Asiye na daftari hadanganyi; anapotea tu.

Bi mkubwa ataniuliza tena, na huruma je?

Kulikuwa na mama wa chumba cha 7, aliyekuwa fundi cherehani ujana wake, ambaye akili ilikuwa imeondoka. Alipangiwa kuoga Jumatano na Jumamosi, na siku hizo korido nzima ilijua. Alipiga, aliuma, alilia kama anachinjwa. Kwenye chati iliandikwa kwamba ni mkali na anakataa huduma, na pakawa na mazungumzo ya kumwanzishia dawa ya kutuliza. Mwenzetu mmoja kutoka Haiti akaomba amchukue yeye. Nilimsindikiza kuona. Kwanza alifunga mlango na kuwasha joto la bafuni mpaka kioo kikafanya ukungu. Akamfunika mama kwa taulo kubwa lililotoka kwenye mashine ya kukaushia, la moto moto. Hakumvua mbele ya macho yake. Alimwosha chini ya taulo, kiungo kimoja kimoja, mguu, kisha mguu, akikausha kila alipomaliza. Kichwa na uso aliviacha mwisho kabisa, maana maji ya usoni ndiyo yaliyokuwa yakimtisha. Mkononi alimpa kipande cha kitambaa kilichoshonewa vifungo, na mama yule alivipapasa vifungo kwa kidole gumba, kimoja baada ya kingine, kama anahesabu tasbihi. Hakulia.

Ilichukua nusu saa. Sisi wengine tulitumia dakika kumi. Na baada ya dakika tano mama alikuwa hakumbuki kwamba ameoga.

Hapo ndipo fikra zangu zilipokwama kwa muda mrefu. Wema ule ulikwenda wapi? Hakuna familia iliyouona, maana mtoto wake alikuja Krismasi tu. Aliyetendewa hakuubakiza. Kurani inawataja watu wanaorudishwa kwenye umri wa udhaifu mpaka wasijue kitu baada ya kuwa na elimu, na inawataja bila kuwadharau, kama sehemu ya njia ambayo mwanadamu anapitishwa. Mtu huyo bado ni mtu. Nusu saa ile bila hofu ilikuwa nusu saa ya maisha yake, ilitokea, na hakuna kusahau kunakoweza kuifanya isiwe imetokea. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani, na sikuwahi kuona mahali ambapo maneno hayo yanatendeka kwa ukamilifu kuliko kwenye bafu la mgonjwa wa usahaulifu. Ukimhudumia mtu ili akumbuke, umemkopesha. Yule wa Haiti hakumkopesha mtu.

Lakini tazama pia hesabu. Dakika ishirini za ziada zilitoka wapi? Zilitoka kwa mzee mwingine aliyewasha taa ya kuita na kusubiri. Huruma inakula dakika, na dakika zinanunuliwa kwa mishahara. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba kila mkazi apate kwa siku angalau saa 3.48 za wauguzi na wasaidizi, yaani kama saa tatu na dakika ishirini na tisa za mikono ya watu. Wenye nyumba wakaenda mahakamani, na mwaka 2025 jaji wa Texas akaifuta. Sina subira na hoja kwamba fedha hazitoshi, nikikumbuka usiku wa theluji na watu arobaini na wawili. Bi mkubwa, huruma hupimwa kwa vitu vingi visivyoandikika, lakini kimoja kinaandikika: mfanyakazi mmoja ana watu wangapi. Ukimpa mmoja watu ishirini na moja, umeshaamua huruma yake itaishia wapi, hata kabla hajavaa sare.

Mtu aliyefikiri sana juu ya vipimo hivi alikuwa daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut mwaka 1919 katika familia ya Kiarmenia, aliyekuja kufundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Makala yake ya 1966 ndiyo iliyowafundisha watu kuangalia ubora wa tiba kwa sura tatu: mazingira na vifaa vilivyopo, kazi inavyofanywa, na matokeo kwa mgonjwa. Ukisikia mkaguzi popote duniani anauliza vitanda vingapi, mnafanyaje, na wagonjwa wanakuwaje, ujue anatembea kwenye njia ya mzee huyo. Karibu na kifo chake mwaka 2000, akiwa mgonjwa wa saratani na ameonja mwenyewe hospitali kutoka upande wa kitanda, alihojiwa. Yeye aliyetumia maisha yake kuunda vipimo alisema siri ya ubora ni upendo, na kwamba aliye na upendo ndiye anayeweza kurudi kwenye mfumo akaurekebisha. Nilipoyasikia maneno hayo darasani, kwenye mafunzo ya marudio tuliyokuwa tukifanya kila mwaka, nilitaka kusimama. Alikuwa ameanzia kwenye daftari akafika kwenye upendo. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye upendo nikafika kwenye daftari. Tukakutana katikati ya njia.

Machi 2020 milango ya nyumba hizo ilifungwa kwa wageni nchi nzima kwa sababu ya korona. Chakula kilikuwa kile kile, dawa zile zile. Kwenye korido yangu watu wakaanza kukonda. Hakuna kisanduku cha "ametembelewa" kwenye chati.

Nikarudi nyumbani 2022, na hapa napokea lawama, kwamba kuzungumzia nyumba za wazee ni kuwafundisha watoto kutupa radhi za wazazi. Naielewa lawama hiyo na naiheshimu. Aya ya 23 ya Surat Al-Israa inazungumzia wazazi wanaozeekea kwako, na inakataza hata mguno wa kuchoshwa nao. Kwa mwenye watoto wenye uwezo, mahali pake ni kwao. Sina shaka na hilo, na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo iliiweka familia mbele na makazi kuwa hatua ya mwisho. Lakini wapo wasio na mtu. Ndiyo sababu kuna Njoro kule Moshi, Kolandoto Shinyanga, Nunge Kigamboni, Sebleni na Welezo kule Unguja, na masista wanaotunza wazee Kasarani, Nairobi. Na wapo wenye watu, ambao "kwako" yao ni chumba cha uani kinachofungwa kufuli asubuhi watu wakienda kazini, na bakuli la uji lililofunikwa kwa sahani, mbali na mkono. Nimemkuta mmoja mtaa wa tatu kutoka hapa. Watoto wake ni watu wa swala tano. Shikamoo zao ni za adabu kubwa. Nyumba kama hiyo haina mkaguzi, haina nyota, na majirani tunaisifu kwamba hawakumpeleka mzee wao popote.

Kwa hiyo akina mama, wakfu ukipatikana, na hata usipopatikana, ombi langu ni hili. Mkienda kukagua msiende saa nne asubuhi mkiwa na vitenge vya sare na mpiga picha. Nendeni usiku, au saa ya chakula, na msitoe habari. Msianze na sakafu. Sakafu inaweza kupigwa deki kwa dakika kumi. Vueni soksi za mzee, kwa idhini yake, mtazame visigino. Mtazame kama kikombe cha maji kiko mahali ambapo mkono wake unafika, na kama mkono unaofika ndio ule usiopooza. Tazameni sahani inaporudi jikoni. Mwulizeni mfanyakazi mzee huyu alikuwa nani kabla hajaletwa hapa. Akijibu tu "huyu ni wa kitanda cha sita", mmeshajua. Fungueni daftari, na mkikuta visanduku vyote vimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja wa haraka, mwulizeni aliyeandika kwa upole, maana huenda alikuwa peke yake usiku kucha. Kisha mkirudi, gongeni na milango ya nyumba zetu wenyewe. Ingieni mpaka chumba cha uani. Mtaambiwa mnaingilia mambo ya watu, na mimi nawaomba mvumilie kuambiwa hivyo.

Mama yangu ana miaka 84. Tangu mwaka jana haamki. Amelala chumba cha mbele, dirisha la upande wa upepo, na ukutani, chini ya kalenda ya msikiti, nimetundika daftari kwa uzi. Leo saa sita mchana aligeuzwa ubavu wa kushoto, saa nane chali. Amekunywa vikombe vitatu vya maji na nusu bakuli ya uji. Visigino viko salama. Saa kumi ni zamu ya mdogo wangu wa kiume, na ameshafika, ananawa mikono.